Kwa Nini Kipuri Kidogo cha Reli Huchukua Miezi Kufika Voi

Wakazi wengi wa Kaunti ya Taita Taveta wanaijua treni kwa honi yake, kwa tiketi ya kwenda Mombasa au Nairobi, na kwa makontena yanayopita usiku yakielekea bara. Ni wachache waliowahi kuyatazama kwa makini masanduku ya chuma yaliyosimama kando ya reli, yenye kufuli na nyaya zinazozama ardhini. Ndani yake mna rilei, fyuzi, bodi za elektroniki na betri. Hivyo ndivyo vinavyoijulisha taa ya ishara kama njia iliyo mbele ni tupu au ina treni nyingine.

Kipuri kimoja kikifa, au mtu akikiiba, taa hugeuka nyekundu na treni husimama. Abiria hukasirika. Mzigo wa mfanyabiashara hukawia. Na swali huulizwa, ndani ya behewa na sokoni: kwa nini fundi asiende Luthuli Avenue jijini Nairobi, au hata duka la spea hapa Voi mjini, akanunua kinachofanana na kilichoharibika na kazi ikaendelea?

Reli ni jukumu la Serikali ya Kitaifa kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na ununuzi wa vipuri vyake hufanywa na Shirika la Reli la Kenya, si na kaunti. Hata hivyo njia zote mbili, ile ya zamani iliyojengwa na Waingereza kati ya 1896 na 1901 na ile ya SGR iliyofunguliwa 2017, zinakatiza kaunti hii. Vifaa viko kwenye ardhi ya jirani zao. Ndiyo maana inafaa wakazi wajue kilichomo ndani ya masanduku yale, kwa nini hakipatikani haraka, na ni wapi kijana au kampuni ya hapa inaweza kuingia katika biashara hii bila kudanganywa.

Rilei mbili zinazofanana

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Kila fundi wa magari anaijua. Ipo ndani ya gari kwa ajili ya honi, taa kubwa na feni, na bei yake dukani si ya kutisha. Reli nayo hutumia rilei, na kwa jicho la kawaida kazi yake ni ileile.

Tofauti iko pale kifaa kinapoharibika. Rilei ya gari ikipitisha umeme mwingi kupita kiasi, vile vipande vya chuma vinavyogusana ndani huweza kuyeyuka kidogo na kushikana. Hapo swichi inabaki imefunga hata umeme wa kuiamrisha ukikatika. Kwenye gari, honi italia bila kukoma mpaka mtu achomoe waya. Kwenye reli, taa ya kijani ingebaki imewaka huku treni imesimama mbele.

Kwa sababu hiyo rilei nyingi za usalama za reli hutengenezwa kwa namna ya pekee. Sehemu moja inayogusana huwa ya kaboni iliyochanganywa na fedha, kwa kuwa kaboni haiyeyuki ikashikana na chuma. Sehemu inayosogea hupewa uzito wa kutosha ili umeme ukikatika ianguke yenyewe, kwa nguvu ya mvutano wa dunia, bila kutegemea springi pekee. Mtu akizitazama rilei hizo mbili mezani ataona visanduku viwili vyenye vituo vya nyaya. Mhandisi wa ishara ataona kimoja kinachofaa na kingine kinachoweza kuua.

Kanuni yenyewe ni kongwe. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya mfumo ambao hadi leo umeenea duniani. Umeme mdogo hupitishwa kwenye reli za kipande fulani cha njia na kuishikilia rilei iliyo upande wa pili. Treni ikiingia, ekseli zake za chuma huziunganisha reli mbili, umeme hukatiza njia ya mkato kupitia magurudumu, rilei hukosa nguvu na kuanguka, na ishara inakuwa nyekundu. Uzuri wake ni kwamba waya ukikatika, betri ikifa au reli ikivunjika, matokeo huwa yaleyale: nyekundu. Mfumo ukiwa na shaka, unasimamisha treni. Kuna mifumo mingine inayohesabu magurudumu yanayoingia na kutoka katika kipande cha njia, na hesabu zisipolingana njia huhesabiwa kuwa ina treni.

Kwa hiyo abiria aliyesimamishwa porini Tsavo kwa taa nyekundu isiyo na sababu anayoiona, mara nyingi amesimamishwa na kifaa kilichoharibika kama kilivyopaswa kuharibika. Ni usumbufu, lakini ndio uharibifu mzuri. Ule mbaya ni wa kijani.

Pale kijani ilipowaka isivyostahili

Tarehe 23 Julai 2011, karibu na mji wa Wenzhou nchini China, radi ilipiga eneo la reli wakati wa mvua kubwa. Ilichoma fyuzi katika kifaa cha kudhibiti ishara. Kifaa hicho kilikuwa na kasoro ya usanifu: badala ya kukiri kwamba hakipati tena habari za njia, kiliendelea kutumia habari za mwisho kilizokuwa nazo, zilizosema njia ni tupu. Ishara ilibaki kijani. Treni moja ya mwendo wa kasi iliigonga nyingine kwa nyuma, mabehewa yakaanguka kutoka darajani, na watu 40 wakafa. Uchunguzi wa serikali ya China haukuishia kwa fyuzi wala radi. Ulilaumu pia jinsi kifaa hicho kilivyokaguliwa na kukubaliwa kutumika kabla ya kuthibitishwa ipasavyo.

Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 22 Juni 2009, treni ya abiria jijini Washington, Marekani, iligonga nyingine iliyokuwa imesimama karibu na kituo cha Fort Totten. Watu 9 walifariki, dereva akiwa mmoja wao. Wachunguzi waligundua kwamba bodi za elektroniki za siku nyingi zilikuwa zikivujisha mawimbi kutoka upande wa kutuma hadi upande wa kupokea bila kupitia relini. Mpokeaji akaamini njia ni tupu ilhali treni nzima ilikuwa imeikalia. Siku chache tu kabla ya ajali, kifaa kimoja kwenye kipande hicho cha njia kilikuwa kimebadilishwa na kuwekwa cha aina nyingine.

Visa hivi viwili vinatajwa sana katika mafunzo ya wahandisi wa reli, na vinaeleza kwa nini mnunuzi makini wa vipuri huonekana kama mtu mgumu. Katika kisa cha kwanza kifaa kilikuwa kipya. Katika cha pili, kifaa cha zamani kiliishi na jirani mpya. Kufanana kwa plagi na kulingana kwa volti hakukutosha.

Joto, vumbi na mtikisiko

Kifaa cha elektroniki cha nyumbani hukaa kivulini, juu ya meza isiyotikisika. Sanduku la kando ya reli kati ya Voi na Mtito Andei hukaa juani mchana kutwa, na ndani ya chuma lile joto hupanda kupita lile la nje. Vumbi jekundu hupenya kila mahali. Mvua ikija huja na radi. Treni ya mizigo ikipita ardhi hutetema.

Ndani ya injini ya treni hali ni ngumu zaidi. Kuna mtikisiko usiokoma, mafuta, na umeme unaopanda na kushuka ghafla kila mota kubwa inapowashwa. Ndiyo maana kuna viwango vya kimataifa vinavyohusu elektroniki za reli peke yake. IEC 60571, na ndugu yake wa Ulaya EN 50155, vinaeleza bodi iliyomo ndani ya treni inapaswa kuvumilia nini: viwango vya joto, unyevu, na kupungua au kuzidi kwa umeme. IEC 61373 inahusu mtikisiko na mishtuko. Vifaa vya ishara vinavyobeba usalama vina kiwango chao, EN 50129.

Katika lugha ya viwango hivyo kuna daraja nne za usalama, na ile ya juu kabisa, ya 4, ndiyo hutakiwa kwa kazi kama ya kuruhusu treni kuingia njiani. Kipimo chake ni kwamba kosa la hatari lisitarajiwe zaidi ya mara 1 katika saa milioni 100 za kazi. Saa milioni 100 ni zaidi ya miaka 11,000. Hakuna maabara inayoweza kungoja muda huo, kwa hiyo uthibitisho hutolewa kwa hesabu, kwa majaribio ya kukiharibu kifaa makusudi, na kwa karatasi nyingi zinazoonyesha kila sehemu imetoka wapi. Ukibadilisha chipu moja ndani ya bodi hiyo kwa nyingine "inayofanana", karatasi zile zinakuwa si za bodi hiyo tena.

Njia mbili, familia mbili za vipuri

Taita Taveta ni mahali pazuri pa kuona ugumu mwingine, kwa kuwa njia mbili zinapita karibu karibu. Reli ya zamani ina upana wa mita 1. SGR ina upana wa milimita 1,435 na ilijengwa kwa viwango vya reli vya China, vinavyotambulika kwa herufi TB/T na GB/T. Vifaa vya njia ya zamani vina historia ndefu ya Uingereza, Marekani na kwingineko, kulingana na nani aliuza nini na mwaka gani.

Stoo moja haiwezi basi kuhudumia njia zote mbili kwa kila kitu. Bodi ya injini iliyotengenezwa China haiingii katika injini ya Kimarekani, hata kama zote ni za dizeli na zote zinavuta mizigo kutoka bandari moja. Na kiwango cha China hakiwi sawa na cha Ulaya kwa sababu tu vyote vinazungumzia joto na mtikisiko. Mhandisi hulazimika kulinganisha kifungu kwa kifungu kabla ya kusema kimoja kinaweza kushika nafasi ya kingine.

Mfano mwingine uko Nairobi. Mwaka 2020 Kenya ilipokea treni za dizeli zinazojiendesha zilizokuwa zimetumika kwanza katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, ili zihudumie abiria wa jiji. Zilifaa kwa jambo moja kubwa: reli ya kule nayo ni ya upana wa mita 1. Lakini treni iliyoundwa kwa ajili ya kisiwa kimoja cha Ulaya huja na elektroniki zake, na anayeitunza hapa hununua vipuri kwa watengenezaji walewale wa kule, kama bado wanavitengeneza.

"Kama bado wanavitengeneza" ndiyo sehemu inayosumbua mashirika ya reli kila mahali. Injini ya treni hutarajiwa kufanya kazi miaka 30 au zaidi. Chipu iliyomo ndani yake ilibuniwa kwa soko linalobadilika kila baada ya miaka michache, soko la simu, kompyuta na magari. Reli ni mteja mdogo sana mbele ya kiwanda cha chipu. Kiwanda kikiona aina fulani hainunuliwi tena, hutoa ilani kwamba oda za mwisho zitapokelewa mpaka tarehe fulani, kisha mashine zinageuziwa kazi nyingine. Uhaba wa chipu wa 2020 hadi 2022 ulionyesha nafasi ya wadogo katika foleni hiyo: hata viwanda vikubwa vya magari vilisimamisha kazi vikisubiri.

Mnunuzi ana njia chache, na kila moja ina ila yake. Anaweza kununua akiba kubwa kwenye oda ya mwisho. Lakini pesa za umma zitalala stoo, na baadhi ya vipuri huzeeka hata visipotumiwa. Kapasita za aina ya maji, kwa mfano, hudhoofika zikikaa miaka mingi bila umeme. Anaweza kung'oa bodi kutoka injini iliyokufa na kuiweka katika iliyo hai, jambo ambalo kila gereji hulifanya, lakini bodi iliyong'olewa ina umri uleule wa ile iliyoharibika. Anaweza kupeleka bodi ikarabatiwe kipande kwa kipande. Au anaweza kulipia usanifu mpya wa bodi, na kuanza upya safari ya kuithibitisha. Hiyo ya mwisho ni ghali na ndefu, ila ndiyo pekee inayomaliza tatizo badala ya kuliahirisha.

Kipuri bandia

Mahali penye uhaba, bandia hawakawii. Duniani kote kuna biashara ya kung'oa chipu kutoka kompyuta kuukuu zilizotupwa, kuzikwangua maandishi, kuzipaka upya na kuzichapa namba mpya pamoja na tarehe mpya ya kutengenezwa. Nyingine huchapwa daraja la juu kuliko lile zilizotoka nalo kiwandani: chipu ya matumizi ya nyumbani inapewa namba ya ile ya kuvumilia joto kali. Itafanya kazi siku ya majaribio. Itafanya kazi mwezi wa Julai wenye baridi. Itakufa Februari saa nane mchana.

Ukaguzi wa kuzitambua huanza kwa macho na lenzi: alama za mkwaruzo, miguu ya chipu yenye dalili za kulehemewa mara ya pili, chapa isiyonyooka. Kitambaa chenye asetoni huweza kufuta maandishi ya bandia. Penye shaka zaidi hupigwa eksirei ili kuona kama ndani ya kila moja mnafanana. Hata hivyo kinga kubwa haiko maabara. Iko kwenye asili ya kipuri: barua kutoka kwa mtengenezaji ikimtaja muuzaji kuwa wakala wake, namba ya fungu, cheti cha ulinganifu, na ankara ya kila mkono uliopokea na kuuza. Mkono mmoja ukikosekana katikati, mnunuzi makini hukataa, hata kama bei ni nusu. Hasa kama bei ni nusu.

Kuna pia hasara inayotokea bila hila ya mtu. Umeme tuli, ule unaomshtua mtu anapovua sweta siku kavu, unatosha kuharibu bodi bila kuacha alama. Vipuri hivi husafirishwa ndani ya mifuko maalumu ya kuzuia umeme huo, na kuifungua mifuko bandarini au stoo bila mshipi wa mkononi wa kutolea umeme ardhini kunaweza kumaliza kifaa kilichongojewa miezi sita.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na wa gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 ndiyo inayofafanua jinsi. Wakazi wengi huuliza kwa nini basi baadhi ya vipuri hununuliwa kwa kampuni moja bila zabuni ya wazi, na swali hilo ni halali.

Sheria hiyo, katika kifungu cha 103, inaruhusu ununuzi wa moja kwa moja pale bidhaa inapopatikana kwa mtu mmoja tu, au pale inapobidi ilingane na vifaa vilivyopo tayari. Bodi ya ishara ya kampuni fulani, inayolindwa na haki za kampuni hiyo, huangukia hapo bila ubishi. Ila mlango huo si wa kila kitu. Betri, nyaya za kawaida, taa za kituo au kompyuta za ofisini zina wauzaji wengi, na kuzinunua bila ushindani kwa kisingizio cha "vipuri maalumu vya reli" hakustahili. Sheria inakataza pia kuandika mahitaji ya zabuni kwa kutaja chapa ya kampuni moja, isipokuwa pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza kinachotakiwa, na hapo bidhaa zinazolingana nayo ziruhusiwe.

Kabla ya kulipwa, bidhaa hupokelewa na kamati ya ukaguzi. Kwa vipuri vya usalama kamati isiyo na mhandisi wa fani hiyo itahesabu masanduku tu. Kampuni iliyoshiriki zabuni na kuona imeonewa ina siku 14 tangu kujulishwa matokeo kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma. Siku hizo zikipita, mlango hufungwa.

Nafasi ya mkazi wa kaunti

Si kila kinachowaka umeme relini kinabeba usalama wa treni, na hapo ndipo biashara ndogo inapoweza kuingia. Taa za majukwaa, kamera, chaja, betri za akiba, paneli za sola, masanduku ya chuma, kazi ya kufukia nyaya na kuzitengeneza ncha: hivi vyote huhitaji ubora, lakini havihitaji ushahidi wa miaka 11,000. Kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu zimetengewa asilimia 30 ya ununuzi wa serikali chini ya mpango wa AGPO. Anayetaka kuingia huhitaji kusajili biashara, awe na PIN na cheti cha kutii ushuru kutoka KRA, kisha aombe cheti cha AGPO kutoka Hazina ya Kitaifa. Matangazo ya zabuni hutolewa hadharani na kusoma tangazo hakuhitaji dalali. Mtu anayedai kwamba anaweza "kumtengea" mkazi zabuni ya reli kwa malipo ya awali anapaswa kuripotiwa polisi.

Kwa kijana aliye chuoni, ujuzi ulio haba zaidi si wa kuuza vipuri bali wa kuvirekebisha: kusoma mchoro wa sakiti, kupima kapasita, kulehemu sehemu ndogo bila kuunguza bodi, na kuandika alichokifanya ili mwingine aweze kukikagua. Misingi yake hufundishwa katika kozi za umeme na elektroniki. Mafunzo ya reli yenyewe hutolewa na Taasisi ya Mafunzo ya Reli jijini Nairobi. Bodi ya usalama iliyorekebishwa hairudi njiani kabla ya kupimwa upya na wenye mamlaka hayo, kwa hiyo fundi mmoja hawezi kufungua kibanda cha kutengeneza ishara za treni. Lakini bodi za chaja, za pampu, za redio na za taa ni nyingi, na aliyezizoea hana mengi mapya ya kujifunza akiajiriwa katika karakana ya reli.

Kufuli iliyovunjwa

Sababu ya uhaba inayowahusu wakazi moja kwa moja ni wizi. Shaba ya nyaya za ishara huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Mwizi hupata pesa za siku moja. Kinachobadilisha alichokata huagizwa ng'ambo, kwa utaratibu wote ulioelezwa hapo juu. Mara nyingi anayevunja sanduku hutafuta shaba tu na kuzitupa bodi vichakani, asijue kwamba alichokitupa ndicho chenye thamani.

Biashara ya vyuma chakavu inaongozwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, inayomtaka kila mfanyabiashara awe na leseni. Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo nchini kote kufuatia uharibifu wa miundombinu, ikiwemo minara ya stima, na iliporuhusiwa tena miezi michache baadaye, usimamizi wa leseni ulikazwa. Mwenye jaa la vyuma akiletewa nyaya nene zenye ganda la reli, rilei zenye kifuniko cha kioo au bodi zenye namba za mfululizo, asinunue na asimfukuze muuzaji bila kutoa taarifa.

Mkazi anayeona sanduku la reli liko wazi, kufuli imevunjwa au waya umefukuliwa asiguse chochote. Ndani mna umeme, na waya ukiunganishwa kwa nia njema pasipo pake unaweza kuidanganya ishara. Ajulishe kituo cha reli kilicho karibu, chifu, kamati ya Nyumba Kumi au polisi kwa namba 999 au 112. Kinachosaidia zaidi katika taarifa hiyo ni mahali kamili. Kando ya njia kuna nguzo fupi zenye namba za kilomita, na masanduku yenyewe mengi yameandikwa namba. Asome namba iliyo karibu, aseme ni reli ya zamani au SGR, na aseme saa aliyoona. Taarifa ya namna hiyo humfikisha fundi mahali penyewe moja kwa moja, hata usiku.